Fundi wa Boila na Sindano Yake

Kwa miaka yote niliyomjua, sikuwahi kumsikia Fundi akisema "sijui." Ukimuuliza mvua itanyesha lini, anakujibu. Ukimuuliza kwa nini ng'ombe wa jirani ametupa mimba, anakujibu, na jibu lenyewe litapitia kwenye mvuke kwanza kabla halijafika kwa ng'ombe. Alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha mbao cha mzungu mmoja upande wa Saboti, enzi hizo ambapo Kitale ilikuwa ni stesheni, posta, maduka ya Wahindi na matope. Mafundi walikuwa wengi pale, wa misumeno, wa magari ya maksai, wa kujenga, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani. Yeye mwenyewe alihakikisha hivyo.

Mimi nilikuwa mke wa mchochezi. Mume wangu, Baba Simiyu, ndiye aliyelisha boila kuni, lile tangi la mvuke lililoendesha misumeno, na kuangalia kwamba maji yake hayapungui. Nasema mapema asije mtu akadai nimeficha: Fundi simpendi. Nitamsema, na hata mazuri yake nitayasema, maana yalikuwepo, ila asitarajie mtu kwamba nitayasema nikitabasamu.

Alikuwa na koti jeusi la reli lenye vifungo vya shaba, ambavyo alivisugua kwa majivu na ndimu kila Jumamosi. Jua liwe la kuchoma ubongo, koti liko mwilini. Alisema mvuke amefundishwa na watu wa reli, na mahali alipofundishwa palikuwa panahama: leo Nakuru, kesho Kisumu, siku akiwa na wageni wa maana inakuwa Mombasa kabisa. Katika mfuko wa koti kulikuwa na spana, hata kanisani. Mhubiri akifika mahali pa kutunyamazisha wote, spana inaanguka sakafuni, watu wanageuka, na Fundi anaiokota polepole ili kila mtu apate nafasi ya kumwona. "Chuma kinanijua," alipenda kusema. Sisi wengine, ati chuma kilikuwa hakitujui.

Kuhusu chakula, pua yake ilikuwa nzuri kuliko ya mbwa. Alifika nyumba za watu wakati sufuria inateremshwa, akakaa, akala, kisha akaanza kukufundisha kupika. Siku moja aliniambia maharagwe yangu yanachelewa kuiva kwa sababu naacha mvuke utoroke. Nifunge mfuniko kwa waya, niweke jiwe juu, moto usizidi. Nikafanya hivyo, mjinga mimi. Mfuniko uliruka ukapiga paa, na maharagwe tukayatoa kwenye nyasi za paa hadi wiki iliyofuata. Fundi alikuja akatazama, akalichukua lile jiwe, akaligeuzageuza mkononi. Akasema jiwe lenyewe halikuwa la aina ile aliyokusudia.

Sasa ndio mjue mtu ninayemsema.

Kazini aliwafundisha wachochezi wake jambo moja kabla ya yote: gonga kwanza, ndipo usome. Sindano ya geji, kile kipimo cha nguvu ya mvuke, hukwama, alisema, joto na kutu huishika, kwa hivyo usiiamini mpaka umeigonga kwa spana iamke. Na kweli geji zile zilikuwa zikikwama. Wanaume wakagonga. Wakazoea kugonga hadi ikawa ugonjwa. Dereva wa kiwanda aligonga kila kitu chenye sindano garini. Karani aligonga saa ya ofisini. Baba Simiyu wangu akifika nyumbani aligonga birika kwa kijiko ndipo aulize kama chai ipo, nami nikamwambia afungue macho atazame, birika si boila. Alicheka. Wakati huo alikuwa mtu wa kucheka sana.

Kitu alichokichukia Fundi kuliko vyote ni kioo. Boila lina kijibomba cha kioo ubavuni, maji yanapanda na kushuka humo, na mchochezi akitazama anajua ndani kuna maji kiasi gani. Hilo ndilo jambo kubwa katika kazi ile. Maji yakipungua na moto uko chini, chuma kinaiva, na boila likipasuka halibagui mtu. Lakini kioo nacho kina ubaya wake, kwa sababu maji yaliyomo ni ya moto mkali na yanasukumwa na mvuke kwa nguvu nyingi, na siku yoyote kioo kinaweza kupasuka usoni mwa anayekitazama. Kilimpasukia mchochezi aliyekuwa hapo kabla ya mume wangu, jicho likaenda. Na hapa niseme haki. Siku hiyo Fundi alivua koti lake, akamfunika yule mtu, akambeba mgongoni kutoka Saboti hadi hospitali ya Kitale kwa miguu, barabara ikiwa matope matupu, akakataa kupokewa. Alirudi na viatu vimekwisha. Alilia mbele za watu, na machozi yenyewe hayakuwa ya kuigiza. Mtu anayenisikia nikimtukana Fundi huniuliza, si alimbeba yule mwenzake? Ndiyo, alimbeba. Lakini kioo kile hakikuwa kazi ya mikono yake.

Baada ya hapo akaapa atatengeneza chombo cha kuona ndani ya boila bila kioo. Wazo lenyewe, nimewahi kuwaeleza watu waliosoma nao wakatikisa kichwa kwa heshima, halikuwa la kipumbavu. Bomba la shaba lisimame ubavuni mwa boila, maji yaingie humo. Ndani ya bomba kuna boya, na kwenye boya kuna kipande cha sumaku. Nje kuna ubao na sindano ya chuma. Boya likipanda na maji, sumaku inaivuta sindano kupitia shaba, nayo inapanda. Boya likishuka, sindano inashuka. Hakuna kioo, hakuna jicho la mtu kupotea. Sumaku aliitoa kwenye injini ya trekta lililokufa, akaikata kwa msumeno siku nyingi hadi mikono ikaota malengelenge. Michoro alichora kwa mkaa juu ya mbao za kiwanda, na akakataza mbao hizo zisiuzwe. Ziliuzwa. Mjini Kitale kuna nyumba ambayo ukuta wake wa chumba cha kulala una boya na sindano ya Fundi, na wenyewe wanadhani ni watoto waliochora.

Tulichoka naye miezi ile. Ukipishana naye njiani anakusimamisha akuambie habari za boya. Lilikuwa zito, likazama. Akalitengeneza jepesi, likaminywa na mvuke likawa bapa. Akatengeneza jingine la shaba nene kidogo, la mviringo, likakubali. Alikonda, akasahau kula hata kwa watu. Nikajisemea huyu mtu kumbe anaweza kufanya kazi.

Hatimaye akakiweka chombo chake hadharani. Akaita watu wote Jumamosi baada ya kazi, na mzungu akaja na mke wake na viti. Fundi alilifunga bomba lake kwenye pipa, akatia maji kwa ndoo, sindano ikapanda. Akafungua bomba la chini, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Watu walipiga makofi, wanawake tukapiga vigelegele, hata mimi, na mzungu akatoa kiko mdomoni akasema vizuri sana. Wiki iliyofuata kioo kiling'olewa kwenye boila na chombo cha Fundi kikafungwa mahali pake. Yale maji ya kwenye pipa yalikuwa ya mtoni, baridi. Hakuna aliyefikiria jambo hilo, na yeye aliyepaswa kufikiria alikuwa anapokea makofi.

Kwa muda kilifanya kazi. Baba Simiyu alikipenda. Kila mara aligonga bomba kwa spana kama alivyofundishwa, tena kwa bidii, maana Fundi alisisitiza hapo ndipo pa kugonga kuliko kwingine kote. Aligonga, akasoma, akatia kuni. Kisha siku moja asubuhi akagonga, sindano ikamwambia maji yako nusu, akatia kuni. Akagonga tena, ikasema nusu. Maji hayakuwa nusu. Kule chini ya boila kuna kizibo cha madini ya risasi kilichowekwa makusudi, kwamba maji yakiisha kiyeyuke, mvuke ushuke uuzime moto kabla boila halijapasuka. Kiliyeyuka. Mvuke ukatokea kwenye mlango wa moto, na mlangoni alikuwa amesimama mume wangu na gogo mikononi.

Nilimsikia kutoka nyumbani. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mikono yote miwili iliungua, na kifua, na vidole vya mkono wa kulia vilishikana vikapona vikiwa vimekunjika, na hivyo ndivyo vilivyo mpaka leo.

Fundi alikuja mbio. Nilikuwa nimepiga magoti, nimemshika mume wangu kichwa, na nilimwona kwa macho yangu. Alipita. Alikwenda moja kwa moja kwenye bomba lake la shaba, akaligusa, akaungua, akaligusa tena kwa ncha ya koti. Alisimama pale akilitazama muda mrefu. Mzungu alipofika akauliza kumetokea nini, Fundi akasema, na watu wote wakasikia: "Alilala. Ameacha maji yakaisha."

Waliombeba mume wangu safari hii walikuwa wapasua mbao. Fundi alibaki na boila.

Nilimfuata baadaye. Nilimkuta analifungua bomba lake kutoka boilani na kioo kiko kando kinangoja kurudishwa, kile kile kioo alichoapa kukiondoa. Nikamuuliza, kama chombo chako ni kizima na mtu ndiye aliyelala, mbona unakitoa? Akasema anakirekebisha kidogo. Nikamuuliza nini kimeharibika. Akasema hakuna kilichoharibika. Nikamwambia twende hospitalini ukamwambie mgonjwa hivyo, na ukampe pole kama watu wanavyopeana. Akasema ana kazi. Hakwenda. Siku zote ambazo Baba Simiyu alilala kwenye kile kitanda cha Kitale akinuka dawa, wapasua mbao walikuja, mke wa mzungu alikuja na machungwa, na yule mwenye jicho moja alitembea kutoka kwao akaja. Kwetu mtu akipatwa, hata adui wako anafika mlangoni akasimama kidogo. Nilimchukia Fundi kuanzia wakati huo, na sikuona haya.

Mzungu akamfukuza, na mtu aliyefukuzwa kwa sababu alilala kazini hapati boila lingine. Tukarudi nyumbani, karibu na Chwele, tukalima. Na habari ikatutangulia, kama kawaida yake. Watu hawakusema ubaya, walitania tu. Mtu akisinzia kwenye kikao, utasikia "angalia boila lako," kisha wanamkumbuka mume wangu yuko hapo, wananyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikomuumiza.

Mwanzoni alikataa. Alisema aligonga, akasoma, akaona nusu. Alilisema hilo kwa miaka. Kisha akaanza kulisema kwa sauti ya chini, kisha akaacha. Akawa halali mchana hata akiwa na homa. Kanisani wakati wa maombi sisi tunafumba macho, yeye amesimama nyuma ameyakodoa. Jioni moja tunapukuchua mahindi akaniambia bila mimi kumuuliza: "Labda nilisinzia kidogo. Mtu anaweza kusinzia asijue." Nikamwambia hapana. Lakini mimi sikuwa nimesimama pale kiwandani. Neno langu lilikuwa neno la mke, na la mke halitoshi. Neno lililotakiwa lilikuwa mdomoni mwa mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe sikujua kama yu hai.

Alikuwa hai. Miaka ikawa imepita, vita vikuu vya dunia vikawa vimekwisha na vijana wamerudi na redio na buti, nami nikaenda soko la Chwele kuuza vitunguu. Nikaona watu wamezunguka kitu. Nikasikia ile sauti.

Koti ni lile lile, limepauka, vifungo vinang'aa. Amezeeka, shingo imekuwa nyembamba. Mbele yake kuna jiko kubwa la mkaa, juu yake chombo kizito cha chuma kilichofungwa kwa boliti pande zote, mvuke unafoka kidogo kwenye kitundu, na ubavuni limesimama bomba la shaba, ubao, na sindano. Yaani mzee yule alikuwa amewasha bomu katikati ya watu wanaouza kuku na ndizi, anawauzia geji ya boila watu ambao hakuna hata mmoja mwenye boila. Nilitaka kucheka, lakini nikatua vitunguu vyangu nikatazama.

Aliniona. Akaniita kana kwamba tumeachana jana: "Mama Simiyu! Sogea mbele uone, bwana." Na akaendelea na hotuba. Alisema sumaku hii ni mpya, ameitoa kwenye spika ya redio, si chuma kile cha zamani. Joto haliiwezi. Na kweli nilitazama, maji yalikuwa yanachemka humo ndani kwa nguvu, mvuke ukazidi kutoka, na sindano ikawa inashuka taratibu kadiri yalivyopungua. Mwenye duka mmoja, mtu wa Murang'a aliyehamia Kitale, akamuuliza hiyo ya zamani ilikuwa na kasoro gani. Fundi akafurahi sana kuulizwa. Akasimama wima, akashika kola ya koti.

"Ile ya kwanza joto liliilegeza," akasema. "Halafu sisi tukaimaliza kwa kuigonga. Sumaku ya chuma ikiwa moto ukaigonga, nguvu inaitoka. Mchochezi wangu alisoma sindano sawasawa, lakini sindano yenyewe ilikuwa imekufa."

Alisema hivyo kuipigia debe ile mpya. Akaendelea na mambo ya boya. Mimi nilikaa juu ya gunia la maharagwe la mtu, na mwenyewe akaniuliza kama nanunua.

Watu walipotawanyika hakuna aliyeagiza kitu. Nikamwendea nikamwambia leo analala kwangu. Aliuliza kama kuna nyama. Nikamwambia nitachinja kuku. Nilikuwa nimeapa kwamba mtu yule hataonja kuku wangu hata wa kuokota barabarani, na hapo nilikuwa namwahidi jogoo, nikambebea na lile bomba lake kichwani njia nzima ili asije akabadili nia. Naye alitembea mbele yangu mikono mitupu, akinieleza habari za shaba.

Baba Simiyu alikuwa uani. Alisimama. Fundi alimsalimia, akaushika ule mkono uliokunjika akautikisa, hakuuangalia. Pole hakutoa. Aliketi, akaomba maji, akasema kwetu kuna baridi. Nikachinja kuku, nikapika, na muda wote huo alikuwa anazungumza. Aliliweka bomba mezani, akalifungua, akamtolea mume wangu sumaku aishike. Akamweleza yote kama alivyowaeleza watu wa sokoni, joto, kugonga, nguvu kutoka, sindano kubaki imesimama mahali pamoja, maji yakienda zake. Alikuwa anaeleza kwa furaha. Nilimtazama nikafikiri, huyu mtu hana hata haya ya kutuficha.

Mume wangu alikuwa ameishika ile sumaku kwa viganja viwili, maana vidole vya kulia havishiki kitu. Alikuwa haitazami. Akauliza polepole, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia miaka mingi:

"Kwa hivyo siku ile sikulala?"

Fundi alikunja uso. Hapendi kukatizwa.

"Nani alisema ulilala?"

Niliweka chini sahani niliyokuwa nayo. Nilikuwa na jibu nililolitunza tangu Saboti, lilikuwa limefika kwenye meno. Nilimtazama yule mzee nikaona hatanii wala hadanganyi. Alikuwa amesahau. Neno lililotuondoa kazini, lililomkosesha mume wangu usingizi wa mchana miaka yote hiyo, yeye alilitupa akaenda zake, halafu likampotea.

Nikafungua mdomo. Baba Simiyu akanyanyua mkono wake, ule wa kulia, akanizuia. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakujipangusa.

"Mama Simiyu," akaniambia, "mwongezee mgeni chai."

Nikamwongezea.